Uvira: Maji ya samaki hujibadilisha yenyewe, lakini nani anayabeba?

Mjini Uvira, mkoani Kivu ya Kusini, samaki anajulikana akiwa sahanini. Ndagala, mukeke na kuhe ndiyo majina yanayotajwa sokoni, na mtu akisema ana samaki nyumbani, jirani huuliza kama ni wabichi ao wakavu. Fundi mmoja wa mtaa wa Mulongwe, anayetengeneza simu na kufunga pano za jua, ana samaki wa namna nyingine. Wako sebuleni, ndani ya akwariumu ya vioo, na hakuna anayewala.

Ni samaki wadogo wa mawe, wa jamii ambayo wataalamu huita siklidi. Ziwa Tanganyika lina aina zaidi ya 200 za jamii hiyo, na karibu zote haziishi mahali pengine popote duniani. Fundi ana Tropheus weusi kumi na wanane, wanaokwangua mwani juu ya mawe tangu asubuhi hadi jioni. Ana pia familia moja ya Lamprologus callipterus. Dume la samaki huyu hukusanya maganda matupu ya konokono kwa kinywa chake na kuyarundika mahali pamoja, kisha majike, ambao ni wadogo sana kuliko yeye, huingia ndani ya maganda hayo kutaga mayai. Wavuvi wa Kalundu walimcheka siku alipowaomba wamletee samaki hao wakiwa hai. Kwao ni samaki wasiojaza chungu.

Wazo liliingia nyumbani kwa njia ya simu. Mdogo wake fundi anaishi Ubelgiji, mjini Liège. Siku moja aliona Tropheus wakiuzwa dukani, akapiga picha na kuituma kwa WhatsApp pamoja na sauti: "Yaya, angalia. Samaki za kwetu ziko huku, na zinalipiwa kuliko nyama."

Biashara hiyo si ya jana. Tangu miaka ya 1970, Mbelgiji Pierre Brichard alikuwa akisafirisha siklidi hai kutoka Bujumbura, ng'ambo tu ya Uvira, na mwaka 1978 alichapisha kitabu kizima kuhusu samaki wa ziwa hili. Watu wa Ulaya walizoea kuwatazama samaki hao sebuleni kwao, huku watoto wa Uvira waliozaliwa kando ya maji hawajawahi kuwaona wakiogelea, isipokuwa wale wanaothubutu kuzama na kufungua macho. Jambo hilo lilimuuma fundi kuliko bei.

Alinunua vioo vya kawaida vya madirisha na silikoni, muuza vioo akamkatia, naye akaviunganisha mwenyewe. Akwariumu ina urefu wa sentimita 120, upana 50 na kimo 50. Ikijazwa hadi sentimita 45, hesabu inatoa litre 270. Ukiondoa nafasi ya mawe na mchanga, zinabaki litre 240 hivi za maji yenyewe.

KWA NINI MAJI HUBADILISHWA

Samaki anakula, anakojoa na kunya mahali pamoja. Uchafu huo unazaa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria wanaokaa kwenye mchanga na kwenye chujio huigeuza kuwa nitriti, nayo bado ni sumu, kisha nitrati, ambayo samaki huivumilia kwa kiasi. Nitrati haiondoki yenyewe. Inapanda wiki kwa wiki, na dawa yake ya kawaida ni kutoa maji ya zamani na kuweka mapya.

Kwa samaki wa Tanganyika hatari ni kubwa zaidi. Maji ya ziwa hili si laini kama ya mto. Pima yake ya pH inakaribia 9, wakati maji ya katikati, yasiyo na uchachu wala ukali, yana 7. Hapo ndipo kuna mtego. Katika maji ya pH 7, sehemu ya amonia iliyo katika hali ya kuua samaki haifiki hata moja kwa mia. Katika pH 9, kwa joto la ziwa, inapita theluthi moja. Uchafu ule ule ambao samaki wa mtoni angeuvumilia, Tropheus anakufa nao.

Mtu anaweza kusema: si kuna robine? Maji ya robine mjini yanatoka mto Mulongwe, yanateremka kutoka milimani, ni laini kuliko ya ziwa, na yana klori. Klori inaua bakteria wa kolera, na hiyo ni kazi nzuri kwa wakaaji. Lakini inaua pia bakteria wa chujio na kuunguza mashavu ya samaki. Zaidi ya hayo, kwenye robine ya mtaa watu hupanga bidoni kabla ya jua kutoka. Fundi aliapa toka mwanzo kwamba samaki zake hazitaingia kwenye mstari huo. Maji yao yatatoka ziwani, kwao.

INTERRO YA SAA MOJA NA NUSU

Kwa miezi ya kwanza, kazi ilikwenda hivi. Kila Jumatano na kila Jumamosi zilitolewa litre 40 kwa ndoo na kuwekwa litre 40 mpya. Hizo ni bidoni mbili za litre 20, yaani kilo 40 za maji, mara mbili kwa wiki. Ziwa liko mwendo wa dakika kumi na tano. Aliyebeba hakuwa fundi. Alikuwa binti yake wa kwanza, mwenye miaka 13, ambaye tayari alikuwa na bidoni za jikoni za kila siku.

Hakuna aliyeamua jambo hilo. Katika nyumba nyingi za Uvira msichana ndiye anayeamshwa saa kumi na moja alfajiri, maji ya nyumba yote yanapita juu ya kichwa chake, na maji ya samaki yaliongezwa juu ya hayo kama kitu kidogo. Jumatano moja binti alisimama mlangoni akiwa amevaa tayari nguo ya shule, bidoni bado tupu mkononi.

"Papa, leo tuko na interro ya saa moja na nusu. Nikienda ku ziwa nitachelewa."

"Nenda shule," fundi akajibu. Siku hiyo maji hayakubadilishwa. Jumamosi yake, ili kulipa deni, zilibadilishwa litre 80 kwa mara moja, zikiwa bado baridi kutoka usiku. Samaki walijibanza kwenye pembe. Jike mmoja wa Tropheus alikuwa na mayai kinywani. Jike wa aina hiyo hubeba mayai na watoto kinywani karibu mwezi mzima. Huyu aliyatema yote, na kabla ya fundi kupata chandarua, wenzake walikuwa wamekwisha kuyameza.

Mambo mawili yalikuwa wazi jioni hiyo. Samaki hawapendi maji yabadilike kwa kishindo. Na nyumba haiwezi kuendesha akwariumu kwa kutegemea mwanafunzi asichelewe.

USHAURI KUTOKA MAJI YA CHUMVI

Mdogo mtu, kule Liège, alikuwa na dawa tayari. Yeye anafuga samaki wa bahari, na maji yake hujibadilisha yenyewe usiku na mchana. Alieleza kwa sauti ndefu za WhatsApp, moja baada ya nyingine.

Kwa maji ya bahari, alisema, mtu hununua chumvi maalumu na kuichanganya na maji yaliyosafishwa mpaka yasiwe na kitu. Bahari ina gramu 35 hivi za chumvi katika kila litre, kwa hiyo pipa la litre 40 linakula karibu kilo 1.4 ya chumvi. Kisha kuna pampu ndogo yenye vichwa viwili vinavyozungushwa na mota moja. Kichwa kimoja kinakamua mrija wa kutoa maji ya zamani, kingine kinakamua mrija wa kuingiza mapya, kwa kipimo kilekile.

"Yaya, hapo kwenye kipimo ndipo watu wanalia," alionya. Maji yanapokauka hewani, chumvi haiendi nayo. Inabaki. Ndiyo sababu mwenye akwariumu ya bahari ana kazi mbili tofauti: kubadilisha maji ya chumvi, na kurudisha maji yasiyo na chumvi badala ya yale yaliyokauka. Kuna kielea kinachofanya kazi ya pili. Sasa, pampu ikitoa litre moja na kidogo kwa kila litre inayoingiza, kielea kitajaza pengo kwa maji matupu, na chumvi itashuka polepole bila mtu kuona. Ikiwa kinyume, chumvi itapanda. Ndiyo maana kila baada ya miezi michache yeye huweka mirija miwili kwenye vikombe viwili na kupima kama vinalingana.

Fundi alisikiliza sauti hizo mara tatu. Pampu hiyo ni ghali, inataka umeme usiokatika, na Uvira umeme hukatika bila kuaga. Lakini kutoka kwenye maneno ya mdogo wake alichukua jambo moja: maji kidogo kidogo, saa zote, badala ya mengi kwa siku moja. Na kwa upande mwingine hali yake ilikuwa rahisi. Samaki wake hawataki maji ya bahari. Maji yao yameshakorogwa na ziwa lenyewe.

PIPA, FLOTA NA SERUMU

Hesabu ilianzia kwenye litre 80 zilezile za wiki. Ukigawa kwa siku saba, ni litre 11 na nusu hivi kwa siku. Kwa saa, haifiki nusu litre. Kwa dakika, ni mililitre 8.

Mililitre 8 kwa dakika ni kiasi cha mgonjwa, si cha robine. Hapo fundi akakumbuka hospitali. Alikwenda farmasi akanunua mirija miwili mipya ya serumu, ile yenye kigurudumu cha kubana. Mrija wa kawaida hutoa matone 20 kwa mililitre moja. Mililitre 8 ni matone 160, na hakuna jicho linaloweza kuhesabu matone 160 kwa dakika. Akagawa kwa mirija miwili, matone 80 kila mmoja. Hayo yanahesabika kwa saa ya mkononi.

Juu ya matofali, nje ya dirisha la sebule, aliweka pipa la plastiki la litre 200. Siku ya kwanza alifunga mirija moja kwa moja kwenye pipa, na kosa lilionekana upesi. Pipa likiwa limejaa, maji yanasukuma kwa nguvu na matone yanakimbia. Likishuka nusu, matone yanalegea. Dawa yake ilikuwa flota, ile ya kwenye tanki la choo. Pipa sasa linamimina katika ndoo ya litre 10, flota inafunga ndoo ikijaa, na mirija ya serumu inatoka kwenye ndoo. Kimo cha maji ndani ya ndoo hakibadiliki, kwa hiyo matone nayo hayabadiliki, pipa likiwa limejaa ao likikaribia kuisha.

Adui wa mirija hiyo ni udongo. Mvua zinapoanza, mito inashusha matope na ziwa linakuwa jekundu karibu na ufuko. Maji hayo hupitishwa kwenye kitambaa na kuachwa yatulie siku mbili. Tundu la kutokea liko sentimita 10 juu ya sakafu ya pipa, ili matope yabaki chini. Mdomo wa pipa umefungwa kwa chandarua kwa sababu ya mbu, na kwenye ubavu wake pameandikwa kwa rangi nyekundu: MAJI YA SAMAKI, YASINYWEWE. Uvira inaijua kolera. Mtoto wa jirani akiona pipa na kikombe, hasomi kwanza.

Kuingiza maji ni nusu ya kazi. Mengine lazima yatoke. Mwanzoni fundi alijaribu bomba lililopinda juu ya kioo, linalovuta maji kwa nguvu ya kushuka. Hewa ikiingia ndani yake, linaacha kuvuta, na halisemi. Ikabidi kutoboa. Samaki walihamishiwa kwenye beseni usiku mmoja, na muuza vioo akaja na tobo la almasi, akatoboa polepole huku akimwagia maji, tundu la sentimita mbili na nusu kwenye kimo cha 45. Kioo cha kawaida kinakubali kutobolewa hivyo. Kile kilichopikwa ili kiwe kigumu, kama vioo vya pembeni vya gari, hupasuka chote kuwa chembe. Kipande cha bomba na mpira vilifunga tundu, na wavu mdogo ukawekwa mdomoni ili samaki asitoke. Maji yakipita kimo hicho, yanashuka yenyewe hadi bustanini.

Mama wa nyumba aliuliza itakuwaje tundu likiziba usiku. Hesabu ikamjibu. Juu ya kimo cha maji zimebaki sentimita 5 za kioo, ambazo ni litre 30. Kwa matone yale, zinahitaji zaidi ya siku mbili na nusu kujaa. Mtu atakuwa ameona. Maji yanayoingia polepole yanalinda nyumba kama yanavyolinda samaki.

Na kwa kuwa hakuna pampu katika kazi hiyo, umeme ukikatika matone yanaendelea. Hewa na chujio ndivyo vinavyotaka moto. Hivyo viko kwenye betri na pano ya jua, kazi ambayo fundi anaijua.

MATONE HAYASAFISHI KULIKO NDOO

Mdogo mtu alipata msafiri na kumtumia vipimo vya nitrati. Hapo fundi alitegemea kuona namba ikianguka. Haikuanguka.

Sababu yake inafahamika. Ukitoa theluthi moja ya maji kwa ndoo, unatoa theluthi moja ya uchafu. Ukiingiza kiasi kilekile tone kwa tone, maji mapya yanachanganyika na ya zamani kabla ya kutoka, na sehemu ya maji mapya inatoka nayo. Kwa litre 80 ndani ya 240, ndoo inaondoa 33 kwa mia, matone yanaondoa karibu 28. Faida ya matone si usafi. Ni utulivu: namba haipandi wala haishuki, na samaki hashtuki. Kipimo kilikaa karibu miligramu 40 kwa litre, wiki baada ya wiki. Fundi alipopunguza chakula, kutoka mara tatu kwa siku hadi mara moja na nusu, kilishuka taratibu hadi 25.

Kuna jambo la pili ambalo maji ya chumvi yalimfundisha. Katika zile litre 11 na nusu za kila siku, karibu litre 2 zinakauka hewani, maana Uvira ni joto. Tisa na nusu tu ndizo zinazotoka. Madini yaliyoingia na litre 11 na nusu yanatoka na 9 na nusu, kwa hiyo ndani ya akwariumu yanatulia yakiwa juu kidogo kuliko ya ziwani, kwa sehemu 20 hivi kwa mia. Samaki wa Tanganyika hawajali. Lakini angekuwa amedondosha maji ya bahari kwa njia hiyo hiyo, chumvi ya gramu 35 ingepanda hadi 42, na samaki wa mdogo wake wangekuwa taabani. Kifaa kimoja hakifai kila maji.

Ziwa lenyewe ndilo linafanya vile. Linapokea mto Ruzizi kutoka ziwa Kivu pamoja na mito mingine mingi, lakini lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga, huko Kalemie. Maji mengi yanayoingia hayapiti Lukuga. Yanapanda hewani, na madini yanabaki nyuma. Ndivyo Tanganyika ilivyopata ugumu wa maji yake.

SWALI LA MAMA

Kazi ilipokwisha, fundi aliita familia kutazama. Matone yalikuwa yakishuka, maji ya zamani yakitoka kwenye bomba bila kelele. Alisema kwamba sasa maji yanajibadilisha yenyewe.

Mama wa nyumba alitazama pipa, akatazama bidoni tupu pembeni.

"Baba, mashine yako ni nzuri," alisema. "Lakini hili pipa, nani atalijaza?"

Hakukuwa na jibu la upesi. Litre 80 kwa wiki ni litre 80 kwa wiki, ziingie kwa ndoo ao kwa tone. Bidoni nne zilikuwa bado zinatakiwa kutoka ziwani, na kila aliyekuwa pale alijua zilikuwa zinaelekea kichwa gani. Kitu ambacho fundi alikuwa amekiita cha kujiendesha kilikuwa kimeondoa kazi yake yeye, ile ya kumwaga na kupima, na kuacha ya binti kama ilivyokuwa.

Lakini pipa lilikuwa limebadili jambo moja, na mama ndiye aliyeliona. Zamani maji yalitakiwa siku ileile: Jumatano asubuhi, kabla ya shule. Sasa pipa likijaa linatosha wiki mbili na zaidi. Hakuna tena asubuhi ambayo samaki wanamngoja mtoto. Maji yanaweza kubebwa siku yoyote, na mtu yeyote mwenye nafasi.

"Mwenye samaki ndiye mwenye nafasi," mama akamaliza.

Tangu hapo, kila Jumamosi jioni fundi hufunga duka mapema, anachukua baiskeli na kushuka ziwani na bidoni mbili, anarudi, anashuka tena na nyingine mbili. Mara ya kwanza wanawake waliokuwa wakifua walinyamaza, kisha wakacheka kwa sauti. Mwanaume anayechota maji akiwa na mke na binti nyumbani ni habari mtaani. Mmoja alimuuliza kama mama wa nyumba ni mgonjwa. Fundi alijibu kwamba maji ni ya samaki, wakacheka zaidi. Siku hizi wanamsogelea kumwuliza kama waliotaga wamezaa.

Jirani mmoja, mama mzee, hakucheka wala hakusifu. Alisema kwamba katika mji ambamo watu wanakunywa maji ya ziwa kwa kukosa robine, kumpa samaki pipa zima ni jeuri. Fundi hakubishana naye. Alimwonyesha mahali bomba linapomwaga. Maji yanayotoka yana nitrati, na nitrati ni mbolea. Pale palipokuwa na kokoto sasa kuna mistari mitatu ya lengalenga na matembele. Maji ya bahari yangeua mimea hiyo, ya Tanganyika yanailisha. Mama mzee hupewa fungu lake kila wiki. Maoni yake kuhusu pipa hayajabadilika, na anayasema akiwa ameshika mboga mkononi.

Kwa mwenye hamu ya kufanya kama fundi, yeye hutoa mashauri machache bila kulipisha. Anza na hesabu ya litre, si na ununuzi wa vifaa. Mirija ya serumu iwe mipya, na ibadilishwe ikianza kuwa na utando wa kijani. Maji ya robine, kama huna mengine, yaachwe wazi siku nzima klori itoke kabla ya kuingia pipani. Hesabu matone kila Jumapili. Osha mikono kwa sabuni baada ya kugusa maji, na usitumie ndoo ya samaki jikoni. Halafu huongeza neno la mwisho, akicheka: kabla ya kufunga flota, uliza nyumbani nani atabeba bidoni.

Mwezi uliopita jike mwingine wa Tropheus alishika mayai kinywani. Alikaa kando ya mawe, kidevu kimevimba, akikataa kula, siku baada ya siku, huku matone yakiendelea. Baada ya wiki nne aliachia watoto saba, kila mmoja mdogo kuliko ukucha, wakajificha katikati ya kokoto. Binti ndiye aliyewaona wa kwanza, jioni, alipokuwa akifanya devwari yake kwenye meza iliyo karibu na akwariumu. Aliwahesabu mara mbili, akamwita baba yake, kisha akarudi kwenye daftari. Asubuhi yake kulikuwa na interro ya hesabu.